Hesabu ya Chuma Kitupu

Fundi hakuwa mtu mzuri. Naanzia hapo kwa sababu tangu tumzike watu wamekuwa wakimpaka asali, na mimi nilikaa naye miaka kumi na mmoja katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Majimbo, hapa Embu. Anayetaka kumsifu ashike kalamu yake. Hii ni yangu.

Kazi yake ilikuwa kusuka mota na transfoma. Mota ya mashine ya posho ikiungua, kilichoungua ni waya wa ndani. Unaufungua, unahesabu raundi zake, unautupa, unasuka waya mpya wa shaba kwa raundi zile zile, unatia vanishi, unaanika juani, unafunga. Mwanamke aliyezoea kusuka kiondo anaweza kazi hiyo, na ndiyo sababu alinichukua. Nilikuwa nimeachwa, nikiwa na mabinti wawili. Mume wangu alienda Mikinduri biashara ya miraa, akaoa huko huko. Nilipofika kibandani kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia, Fundi hakuniangalia usoni. Aliangalia kiondo nilichobeba.

"Umesuka wewe?"

"Ndiyo."

"Hii mistari umehesabu ama umekisia?"

"Nimehesabu."

"Tutaona. Kaa hapo. Usiguse kitu, usiongee, na usilie. Wanawake hulia juu ya waya, chumvi inakula shaba."

Wengine walisema alifundishwa na Mhindi huko Nairobi, wengine walisema ni jeshini. Sikumwuliza. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, na nitakieleza sasa ili nisirudie. Mota yenye waya ulioungua, mtu yeyote mwenye subira ataisuka, maana waya wa zamani upo wa kuhesabu. Lakini mara nyingi mtu alileta chuma kitupu. Wezi wamenyofoa shaba wakauza, au panya na kutu wamemaliza, na hakuna kilichobaki ila vile vibati vyembamba vilivyopangwa pamoja, ambavyo ndivyo moyo wa transfoma. Utaweka raundi ngapi? Ukiweka chache inaungua. Ukiweka nyingi inakuwa dhaifu, na shaba imekwisha. Katika Embu yote na Mbeere mpaka Ishiara, mtu aliyejua ni Fundi peke yake. Alipima chuma kwa rula, akageukia ukuta, akaandika kitu kwa kalamu ndani ya kiganja, kisha akakilamba. Akageuka akaniambia, "Mia tano na arobaini," nami nikasuka mia tano na arobaini kama punda aliyefungwa kwenye kinu.

Anayejua hesabu hiyo ana kibanda chake. Asiyeijua ni kibarua mpaka siku ya kaburi. Mimi nilikuwa na mabinti wawili na sikutaka kufa kibarua.

Alitafuna majani ya muguka, jamii ya miraa, tangu asubuhi, shavu moja limevimba kama la mtu mwenye jino bovu, na mate ya kijani aliyatema ndani ya kopo la rangi. Kabla ya kugusa vibati alinawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya kula ugali hakunawa. Jumapili aliimba kwaya kanisani, na wanawake waliokaa mbele walifuta machozi kwa ile sauti yake nzito. Jumatatu alikuwa amerudi kuwa yule yule.

Kuhesabu raundi tulitumia punje za mahindi. Kila ukifika mia, unatia punje moja ndani ya kopo. Yeye alipoona nimezama kazini, alianza kupiga kelele nyuma yangu: "Thelathini na tano! Sabini na mbili! Kumi na nne! Mia na nane!" Nikipotea, alinifanya nifungue waya wote nianze tena, na wateja wakiwa wamekaa hapo wanangoja. Watu walicheka sana. Ilinichukua miezi miwili kugundua dawa. Yeye alipiga kelele kwa Kiswahili, mimi nikahesabu kimoyomoyo kwa Kimbeere, na kelele zake zikapita juu ya kichwa kama ndege. Aliona sipotei tena. Aliacha tu, kama mtu aliyechoshwa na mchezo.

Kuna mbwa aliyegongwa na lori mbele ya bucha ya jirani. Fundi alimbeba kwa mikono miwili, akamlaza juu ya magunia, akamnywesha maziwa kwa sindano ya vanishi aliyoichemsha. Wiki tatu. Alimwita "mama". "Kunywa, mama. Pole, mama." Mimi aliniita "wewe". Mwenye bucha, mzee Mwislamu ambaye alikuwa rafiki yake wa pekee, alimwambia, "Fundi, huyo mama wa pale pia ana masikio." Fundi akajibu, "Huyu mbwa hajawahi kunikatia waya mfupi."

Lakini niseme na hili, maana sitaki kudanganya. Siku moja alikuja tajiri wa lori, akaniona nimeshika mota yake, akasema hataki kitu chake kiguswe na mwanamke, kitakuwa na mkosi. Fundi aliinuka taratibu, akaibeba ile mota, na si nyepesi, akaiweka katikati ya barabara, kwenye vumbi.

"Huyu mwanamke ni mjinga," akasema. "Lakini mkono wake haukosei. Mota yako ni hiyo hapo. Ichukue kabla basi halijaikanyaga."

Yule tajiri aliichukua. Fundi aliporudi akaniuliza kwa nini nimesimama kama nguzo ya stima.

Sasa nieleze alivyonifundisha, kwa sababu alinifundisha. Hilo ndilo jambo linalonitatiza.

Neno flaksi alilitumia kila siku. Nilipouliza ni nini, alisema ni kitu cha watu waliopita darasa la tatu, maana nilikuwa nimemwambia niliishia hapo. Halafu siku moja ya mvua ya Aprili, mvua ile inayoshuka wima bila upepo, akanipa beseni.

"Toka nje."

"Kwenye mvua hii?"

"Flaksi iko nje. Toka ukaione."

Alikaa mlangoni anatafuna. Nikaambiwa nishike beseni, mdomo juu kabisa, nihesabu mpaka mia tano kwa sauti. Nikahesabu. Tukapima maji: vikombe vinne. "Mwaga. Sasa liinamishe, nusu hivi." Mia tano tena. Vikombe havikufika vitatu. "Mwaga. Sasa lishike wima kwa ubavu." Mia tano tena, na meno yangu yalikuwa yanagongana. Matone tu ya kurukia.

"Mvua imepungua?"

"Hapana."

"Beseni limepungua?"

"Hapana."

"Basi nini kimepungua? Jibu, ama uhesabu mia tano nyingine."

"Mdomo. Mdomo haukuikabili mvua."

"Chukua karai."

Karai lilikuwa pana mara mbili ya beseni. Mia tano nyingine. Vikombe vinane.

"Mvua ni nguvu ya sumaku hapo ilipo," akasema, bila kuinuka kwenye kiti. "Mdomo ni upana. Na namna ulivyokaa ni namna ulivyokaa. Ile mvua yote iliyopita ndani ya mdomo, hiyo ndiyo flaksi. Si mvua peke yake, si beseni peke yake. Kila raundi ya waya unayosuka ni beseni lisilo na kitako. Rudi ndani, unanilowesha sakafu."

Niliugua kifua wiki mbili. Mwenye bucha alikuja kunijulia hali na supu, akaniambia kwa aibu kwamba Fundi ametuma salamu. "Anasema... mama, usikasirike. Anasema beseni lilikuwa sawa, ni wewe uliyeinama."

Niliporudi aliongeza jambo moja, kama mtu anayemtupia kuku punje. Mvua iliyotulia haizai stima. Lazima izidi na ipungue, izidi na ipungue, kama stima ya ukutani inavyogeuka. Ndiyo maana ukifunga betri ya gari kwenye transfoma, upande wa pili hupati kitu, unapata waya wa moto na harufu.

Mabinti zangu walisoma baadaye, na mmoja aliniambia kwamba vitabuni mzunguko wa sumaku unalinganishwa na mzunguko wa stima. Raundi za waya pamoja na stima inayopita ndani yake ndizo zinazosukuma, kama betri. Chuma ni njia, kama waya. Flaksi ni kile kinachopita. Na njia ikiwa ndefu au nyembamba, inapita kwa shida. Sawa. Fundi aliyasema hayo yote kabla ya kitabu, lakini alisema sumaku na stima ni kama shemeji na ndugu: wanafanana mpaka siku ya urithi.

Tofauti ya kwanza alinionyesha kwa karatasi. Alikuwa na sumaku kubwa ya spika iliyovunjika. Ikanyanyua kichwa cha jembe. Akaweka katikati karatasi moja ya daftari la shule. Ikanyanyua bado, lakini sasa ningeweza kulivuta jembe kwa mkono mmoja. Akaongeza karatasi mpaka zikawa kumi. Jembe likaanguka karibu na kidole changu cha mguu, na hakuomba radhi.

"Stima ukiikatia waya, hata unene wa karatasi, imekufa pale pale. Sumaku hapana. Inavuka. Lakini hewa kidogo tu inaila kuliko chuma cha mkono mzima." Akageukia wateja. "Kama huyu na bwana yake wa Mikinduri. Katikati kuna hewa. Mapenzi yanavuka bado, ila yakifika Embu yamechoka."

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai.

Tofauti ya pili ni mpira. Stima ina mpira wa kuizuia, unauvika waya, inakaa ndani. Sumaku haina mpira. "Stima ni maji ya paipu," alisema. "Sumaku ni maji ya mfereji wa udongo. Mengi yanafuata mfereji kwa sababu ni rahisi, lakini mengine yanavuja kando, huyazuii." Hilo nilielewa mara moja. Nimechimba mifereji tangu utotoni. Na tofauti ya tatu: stima hutembea, na kutembea kwake kunapasha waya moto. Sumaku haitembei popote. Imesimama tu, imekaza kama kamba. "Hii ya spika imeshika msumari tangu asubuhi," akasema, "na haijaomba uji. Wewe umefanya nini tangu asubuhi?"

Sasa sufuria. Watu wengi Embu hawajui jina langu hata leo. Wananijua kwa hiyo.

Mchomeaji mageti mmoja alileta mashine yake ya kuchomelea. Thuluthi moja ya vibati ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikawa unga. Fundi akasema, "Jaza hilo pengo usuke kama zamani," akaenda zake. Hakukuwa na vibati vingine kibandani. Nikakaa nikafikiri. Waya za stima kwenye nguzo ni za alumini. Kwa hiyo alumini inapitisha kuliko chuma. Kama inapitisha stima, itapitisha sumaku. Nilijiona mwerevu sana. Nikaenda nyumbani nikachukua sufuria yangu kubwa, ile niliyopewa na mama nikiolewa, nikaikata vipande kwa mkasi wa bati, nikavinyoosha kwa nyundo, nikavipaka vanishi kimoja kimoja, nikavipanga. Siku nne. Nikasuka juu yake koili nzuri kuliko zote nilizowahi kusuka.

Fundi alikuja, akainama, akaona. Niliona ameona. Akasema, "Kazi safi."

Kwa miaka mitatu hakuwahi kunisifu. Moyo wangu ulipanda.

Kisha akatoka nje kuita watu. Akamwita mwenye bucha, akamwita mshona viatu, akawaita akina mama wa nyanya. "Njooni muone kazi ya huyu mama." Aliniita mama. Wakajaa mlangoni. Akaniambia niwashe mwenyewe.

Ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Meza ikatetemeka, kopo la punje likaanguka. Vanishi ikaanza kunuka, moshi ukatoka katikati ya koili yangu, halafu fyuzi ya kibanda ikapasuka na redio ya bucha ikanyamaza. Fundi alicheka mpaka muguka ukamtoka mdomoni.

"Kwa stima, sufuria ni barabara ya lami," akawaambia, machozi yakimtoka. "Kwa sumaku, sufuria ni hewa. Hewa! Ameijaza mashine hewa, siku nne! Sasa chuma kilichobaki kimebebeshwa mzigo wa wote, na chuma kina tumbo. Kikishiba kimeshiba. Ukizidi kusukuma hakichukui tena, stima yote inakuwa moto. Mama Sufuria! Tupikie basi!"

Mwenye bucha hakucheka. "Fundi, uliona tangu mwanzo. Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angesahau."

"Muogope Mungu."

"Muulize mwaka kesho kama amesahau."

Sikusahau. Mpaka leo ukiniamsha nitakwambia kwamba shaba na alumini kwa sumaku ni sawa na hewa, na kwamba chuma hushiba. Nilitumia wiki nzima kufungua ule waya ulioungua, na jioni nilipika ugali kwa sufuria ya kuazima.

Mwaka wa tisa nilimwomba waziwazi. Tulikuwa wawili tu, wateja hakuna.

"Fundi, nionyeshe hesabu ya chuma kitupu."

Aliacha kutafuna. "Nikikuonyesha, utakaa hapa kufanya nini?"

"Nitaendelea kukusaidia."

"Utaondoka. Mimi si mjinga. Mwenye ufunguo haombi kufunguliwa mlango."

"Kwa hiyo hutanionyesha kamwe."

"Kamwe. Shika waya."

Angalau hakudanganya. Baada ya siku hiyo sikuomba tena. Nilianza kuiba, lakini kwa macho. Kila transfoma iliyokuja na waya wake, nilihesabu raundi, nikasoma volti zake, na Fundi akienda kula nikapima chuma cha katikati kwa rula ya shule ya binti yangu, upana na unene. Nikaandika nyuma ya kalenda ya zamani nyumbani. Mwaka mzima, na nusu ya mwingine. Niliona kwamba chuma kinene kina raundi chache na chembamba kina nyingi, na hapo nikakumbuka karai na beseni: mdomo ukiwa mpana, kila raundi inakinga mvua zaidi, kwa hiyo raundi chache zinatosha. Lakini chache ngapi? Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba. Nikamwambia agawanye raundi kwa volti, kisha azidishe kwa upana wa chuma mara unene wake, kila mstari.

Alifanya mistari kumi na mitatu, akainua kichwa. "Mama, mbona inatoka arobaini na kitu kila mara?"

Arobaini na mbili. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Arobaini na nne. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Jumapili iliyofuata Fundi akiwa kwaya, nilifungua kibanda. Ufunguo nilikuwa nao, maana ni mimi niliyefagia. Kulikuwa na chuma kitupu cha sentimita sita kwa tano, yaani thelathini. Arobaini na tano ugawe kwa thelathini, raundi moja na nusu kwa kila volti moja. Stima ya ukutani volti mia mbili na arobaini. Raundi mia tatu na sitini. Nikasuka. Nikaiunga kupitia balbu, kama tulivyofanya siku zote: balbu ikiwaka kabisa, koili inakula stima bure. Nikawasha. Waya wa balbu ulibaki mwekundu kidogo tu, kama jicho la mgonjwa. Chuma kilikuwa kinavuma polepole. Baada ya saa moja niliweka shavu langu juu yake, na kilikuwa baridi.

Jumatatu nilikiweka juu ya meza yake, kikivuma. Aliweka sikio. Akaweka kiganja. Akapima kwa rula, akageukia ukuta kwa mazoea tu.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

"Ni nani? Ni yule Mwislamu?"

"Mwenye bucha anajua nyama, Fundi."

Akachomoa waya ukutani. Akachukua patasi na nyundo, akakata koili yangu kutoka juu mpaka chini, raundi zote mia tatu na sitini, pigo moja baada ya jingine, polepole. Akafuta patasi kwa kitambaa.

"Kama unajua, rudia."

Nikachukua kiondo changu nikatoka. Nilifungua kibanda upande wa pili wa mji. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mteja mmoja wa kutegemea, mwenye bucha, na mota yake ya kusagia nyama. Wengine Fundi aliwaambia, "Mnapeleka kwa Mama Sufuria? Nunueni na ndoo ya mchanga." Alimwambia mwalimu wa shule moja kwamba niliunguza nyumba ya watu Runyenjes. Sijawahi kuunguza hata leso. Binti yangu mdogo alikosa muhula mzima kwa kukosa karo, kwa ajili ya maneno yale. Nilisimama mwisho wake kwa sababu mashine zangu hazikurudi, na mashine isiyorudi inajisemea yenyewe.

Miaka tisa ilipita. Halafu mwenye bucha akaja kuniambia kwamba Fundi amepigwa na kiharusi, yuko Ishiara kwa dada yake, na ananiita.

"Ananiitia nini?"

"Hasemi. Nenda, mama. Mgonjwa ni mgonjwa."

Nilienda siku ya soko. Dada yake alikuwa mwanamke mpole, mjane, amezeekea pale pale kwenye shamba la ndengu. Alinipa kiti na chai ya maziwa mengi. Fundi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba nje, upande mmoja wa uso umeshuka, mkono mmoja umekufa juu ya blanketi. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka.

Hakunisalimu. "Hesabu imenitoka," akasema.

"Hesabu gani?"

"Unajua. Ile ya chuma kitupu." Alinyoosha kiganja kizima, akakitazama. "Nilikuwa naijua kama jina langu. Najua unapima, unagawanya. Lakini ile namba yenyewe haipo. Nalala nikiitafuta. Naamka nikiitafuta. Vitu vingine vyote vipo. Najua mvua, najua mfereji, najua chuma kinashiba. Namba hiyo moja."

"Pole."

"Wewe unayo."

"Ninayo."

"Niambie."

Nikanywa chai. Kuku wa dada yake walikuwa wanachakura karibu na miguu ya kitanda.

"Sitasuka tena," akasema. "Tazama mkono. Sitaki ya kazi. Nataka tu ikae hapa kichwani, nilale." Akameza mate kwa shida. "Fundi. Tafadhali niambie."

Nilisikia aliniita nani. Neno hilo nililingoja miaka ishirini, na lilipofika lilinikuta nimeshiba.

"Nilikufundisha," akasema.

"Ulinifundisha. Mvua ni yako, mfereji ni wako, sufuria ni yako, na nimewafundisha wengine na sikuficha jina lako. Hii nilijipatia."

"Niambie jamani."

"Hapana."

Alianza kulia kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unafanya kazi. Nilimaliza chai, nikamshukuru dada yake, nikaenda sokoni nikanunua ndengu, nikarudi Embu. Sitasema nililala vibaya. Nililala.

Alikufa kabla ya mavuno. Nilienda mazishini kwa sababu huwezi kukosa mazishi ya mtu uliyekaa naye miaka kumi na mmoja. Kwaya iliimba, mchungaji akamsifu, watu wa mota wakatoka Meru na Chuka wakasimama na kofia mikononi. Baadaye dada yake aliniletea chai mwenyewe, akakaa karibu nami kwenye benchi.

"Alikuwa akiuliza kitu mpaka siku ya mwisho," akasema. "Namba. Namba. Mimi nilimtajia namba zote ninazozijua, moja mpaka mia, kila jioni, pengine angeitambua. Hakuitambua. Hiyo ilikuwa siri gani, mama?"

"Si siri. Ni arobaini na tano. Unagawa kwa upana wa chuma mara unene wake, unapata raundi za volti moja."

"Arobaini na tano."

"Ndiyo."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Kisha akanyoosha mkono akachukua kikombe kutoka kwangu, chai ikiwa bado nusu, akaenda nacho jikoni.